Kufuga farasi katika jiji la Birmingham

Msafiri anayetoka katikati ya jiji la Birmingham kwa basi kuelekea pembezoni huenda akashangaa kuona farasi wawili watatu wakila majani kando ya barabara kuu, huku nyuma yao yakionekana majengo ya ghorofa.

Birmingham ni jiji la pili kwa ukubwa nchini Uingereza, na kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2021 lina wakazi zaidi ya milioni moja na laki moja. Linafahamika kwa viwanda, kwa magari na kwa wahamiaji wake. Miongoni mwao ni watu wengi wenye asili ya Afrika Mashariki: Wasomali wa mitaa ya Small Heath na Sparkbrook, Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi waliofuata baadaye.

Si mahali ambapo mtu angetarajia kumkuta mnyama mwenye uzito wa nusu tani. Hata hivyo farasi wapo, na wanaowafuga si mabwanyenye peke yao. Wengi ni waajiriwa wa kawaida, ambao huamka gizani kumhudumia mnyama kabla ya kwenda kazini, na hurudi kwake gizani tena baada ya kazi.

Jiji la nguvu za farasi

Kabla ya injini, Birmingham ilikuwa mikononi mwa farasi, au tuseme kwatoni mwao. Mfereji wa kwanza wa jiji, uliobuniwa na mhandisi James Brindley, ulianza kuleta makaa ya mawe mwaka 1769, na mashua zake zilivutwa na farasi waliotembea kwenye njia iliyo kando ya maji. Juu ya nchi kavu farasi mmoja hawezi kuvuta mzigo wa zaidi ya tani chache. Akivuta mashua majini, huweza kusogeza tani 25 au zaidi, kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Alama zao bado zipo. Kwenye madaraja ya zamani mtu anaweza kuona mifereji midogo iliyochimbwa ukingoni na kamba zilizosugua chuma kwa miaka mingi. Miteremko ya njia hizo ilitandikwa matofali yenye matuta ili kwato zisiteleze.

Ni katika jiji hilohilo ambamo James Watt, aliyeanza ubia na Matthew Boulton mwaka 1775, alieneza kipimo cha nguvu ambacho hadi leo kila fundi wa magari mjini Mombasa au Mwanza anakitaja. Watt alihitaji kuwaeleza wateja waliotumia farasi ni wanyama wangapi ambao injini yake ya mvuke ingewatoa kazini, na hivyo ndivyo ulimwengu ulivyopata hesabu ya nguvu za farasi.

Katikati ya jiji kuna barabara iitwayo Horsefair, yaani mnada wa farasi. Picha ya ukutani ya vigae, iliyotengenezwa na msanii Kenneth Budd mwaka 1966, inaonyesha mnada huo kama ulivyokuwa mwaka 1908. Wapita njia wengi huipita bila kuitazama.

Shida ya kwanza ni ardhi

Shirika la farasi la Uingereza, British Horse Society, hushauri kila farasi apatiwe ekari moja hadi moja na nusu ya malisho. Katika jiji ambalo familia nyingi hazina hata bustani, ekari moja ni utajiri. Ndiyo maana wafugaji wa Birmingham hawaishi na farasi wao. Hupanga.

Kuna upangaji wa aina mbalimbali. Ulio rahisi zaidi humpa mwenye farasi banda na haki ya malisho tu, naye hufanya kazi zote mwenyewe: kulisha, kunywesha, kusafisha na kumtoa mnyama nje. Ulio ghali zaidi ni ule ambao wafanyakazi wa mahali pale hufanya kila kitu, na gharama yake hufikia mamia ya pauni kwa mwezi. Katikati ya hiyo miwili kuna desturi ambayo Waafrika Mashariki wataielewa mara moja: wafugaji wa banda moja husaidiana kwa zamu, mmoja akilisha asubuhi farasi wa wote, mwingine jioni.

Mabanda mengi yako pembezoni, mahali ambapo jiji hukutana na mashamba: Sutton Coldfield upande wa kaskazini, bonde la Woodgate magharibi, na kusini kuelekea mpaka wa Worcestershire. Maeneo hayo yamo ndani au karibu na ukanda wa kijani, ardhi ambayo sheria za mipango miji huizuia isijengwe ovyo. Lakini Uingereza ina uhaba mkubwa wa nyumba, na kila mpango mpya wa makazi unapotangazwa, wafugaji huwa miongoni mwa wa kwanza kuuliza ni shamba lipi litakalochukuliwa.

Sheria yenyewe ina utata unaowakwaza wengi. Farasi akila majani tu shambani, ardhi huhesabiwa kuwa ya kilimo. Akianza kulishwa chakula cha kuletwa, kufanyishwa mazoezi na kupandwa kwa burudani, huenda mwenye ardhi akatakiwa kuomba kibali cha kubadili matumizi yake. Wapo walionunua kiwanja kwa akiba ya miaka mingi, kisha wakaletewa barua ya halmashauri.

Majira ya baridi

Mwezi Desemba jua huchomoza Birmingham yapata saa mbili na robo asubuhi, na huzama kabla ya saa kumi jioni. Mwenye kazi ya ofisini humwona farasi wake kwa mwanga wa jua siku za Jumamosi na Jumapili tu. Siku nyingine hutumia taa ya kichwani.

Farasi wa kilo 500 huhitaji kati ya kilo nane na kumi na mbili hivi za majani kila siku. Majani ya shambani yakikoma kukua, sharti anunuliwe majani makavu. Hunywa ndoo kadhaa za maji, na usiku wa barafu ndoo hizo huganda, hivyo kazi ya kwanza ya asubuhi ni kuvunja barafu. Kisha kuna samadi. Farasi mmoja hutoa zaidi ya kilo 20 kwa siku, na jijini hakuna shamba la mahindi la kuimwaga. Baadhi ya mabanda huwagawia bure wenye bustani za mboga. Mengine hulipia gari la kuizoa.

Hata hivyo, si baridi inayomsumbua zaidi farasi. Akiwa na manyoya yake ya kipupwe na mahali pa kujikinga upepo, huistahimili vizuri. Adui ni matope. Udongo mzito wa mfinyanzi ulio katika sehemu nyingi za eneo hilo hugeuka tope zito kuanzia Novemba, na ngozi ya miguu inayolowa kila siku hupasuka na kuingiwa na vijidudu.

Majira ya kuchipua nayo, yanayopendeza kila mtu, huja na hatari yake. Majani mapya yana sukari nyingi, na farasi mnene au poni anayeachiwa ale atakavyo hupatwa na uvimbe wa ndani ya kwato, ugonjwa wenye maumivu makali unaoweza kumwua. Ni jambo la ajabu kwa mfugaji aliyezoea ukame wa Isiolo au Dodoma kwamba Uingereza wanyama hufungiwa mdomo kwa kifuniko chenye matundu ili wasile sana.

Kuna na mimea ya sumu. Mmoja ni ragwort, wenye maua ya manjano, ambao huharibu ini polepole, na Bunge lilitunga sheria maalumu ya kuudhibiti mwaka 2003. Mwingine ni mti uitwao sycamore. Huo si mkuyu wa Afrika Mashariki, ingawa majina hayo huchanganywa mara kwa mara katika tafsiri. Mbegu zake hupeperushwa na upepo wakati wa vuli, na miche yake huota kipindi cha kuchipua. Farasi akizila misuli yake huharibika, na wengi wanaougua hufa katika siku chache. Mti huo umepandwa kila mahali mijini, kwenye bustani za umma na kando ya reli, na mwenye farasi hana mamlaka ya kuukata mti wa jirani.

Magonjwa wasiyoyajua

Kwa upande mwingine, mfugaji wa Birmingham ameepushwa na mambo mawili yaliyofanya farasi wawe nadra katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. La kwanza ni ndorobo na ugonjwa anaousambaza. La pili ni tauni ya farasi wa Afrika, inayoenezwa na visubi na ambayo haijawahi kuingia Uingereza. Farasi wa masultani wa Zanzibar walitoka Uarabuni na walihitaji uangalizi mkubwa. Farasi wa mbio wa uwanja wa Ngong mjini Nairobi hustawi kwa sababu ya mwinuko, baridi na madaktari wa mifugo walio karibu.

Uingereza ina yake. Mwezi Februari mwaka 2019 mbio za farasi zilisimamishwa kwa siku sita nchini humo kwa sababu ya mafua ya farasi. Chanjo ya mafua hutolewa pamoja na ile ya pepopunda, ugonjwa ambao jina lake la Kiswahili halimtaji farasi ingawa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nao kwa urahisi kuliko wote.

Pasipoti ya mnyama

Mhamiaji aliyesumbuka miaka mingi kupata hati za kuishi Uingereza atatabasamu akisikia kwamba farasi naye hana budi kuwa na pasipoti. Kila farasi, poni na punda nchini humo lazima awe nayo, na tangu tarehe mosi Oktoba mwaka 2020 kila mmoja wao England lazima awe amewekewa shingoni chembe ya kielektroniki yenye nambari yake. Hati hiyo huandamana na mnyama anaposafirishwa au kuuzwa.

Sababu moja ni chakula. Pasipoti huonyesha iwapo farasi anaruhusiwa kuingia katika nyama ya kuliwa na binadamu, kwa kuwa baadhi ya dawa za kutuliza maumivu anazopewa hazifai kabisa kufika mezani. Umuhimu wake ulionekana mwaka 2013, nyama ya farasi ilipogunduliwa barani Ulaya ndani ya vyakula vilivyouzwa kama nyama ya ng'ombe.

Sheria haiishii hapo. Tangu sheria ya mwaka 1975, mtu asiyesajiliwa haruhusiwi kumpigilia farasi viatu vya chuma, hata kama farasi ni wake mwenyewe. Fundi aliyesajiliwa huja kila baada ya wiki sita hadi nane, na mwenye farasi huweza kuahirisha bili nyingine lakini si hiyo, kwani kwato hazingoji mshahara. Anayekodisha farasi kwa wapandaji lazima awe na leseni ya halmashauri, chini ya kanuni za mwaka 2018. Anayepangisha mabanda tu hatakiwi leseni ya aina hiyo, na wapo watetezi wa wanyama wanaosema hilo ni pengo.

Matandiko, angalau, hayako mbali. Mji wa Walsall, jirani na Birmingham, ulikuwa kitovu cha utengenezaji wa matandiko na hatamu kwa milki nzima ya Uingereza, na timu yake ya kandanda hadi leo huitwa kwa jina la mafundi hao. Karakana zilizosalia ni chache, lakini matandiko ya Walsall bado huuzwa nchi za nje.

Barabarani

Ili afike kwenye njia ya kupanda, farasi wa mjini mara nyingi hana budi kupita barabara ya magari. Hapo ndipo wapandaji wengi husema hofu yao ilipo. Farasi ni mnyama anayekimbia kwanza na kufikiri baadaye. Honi moja, au mfuko wa plastiki uliopeperushwa na upepo, huweza kumrusha katikati ya njia.

Mwezi Januari mwaka 2022 kanuni za barabara zilibadilishwa. Madereva sasa wanashauriwa kumpita farasi kwa mwendo usiozidi maili 10 kwa saa, yaani kilomita 16, na kumwachia nafasi ya angalau mita mbili. Dereva wa teksi au wa gari la mizigo aliyepata leseni kabla ya hapo, au aliyejifunza nchi nyingine, huenda hajawahi kuambiwa.

Ahueni ni Sutton Park. Ekari zake zipatazo 2,400 zilikabidhiwa wakazi wa Sutton Coldfield kwa hati ya Mfalme Henry wa Nane mwaka 1528, na mji huo ulipounganishwa na Birmingham mwaka 1974, jiji likapata moja ya bustani kubwa kabisa za mijini barani Ulaya. Humo huchungwa poni wa aina ya Exmoor, ambao kazi yao ni kula vichaka ili uwanda wa asili usigeuke msitu.

Tatizo jingine la mjini ni fataki. Zamani zililipuliwa usiku wa tarehe 5 Novemba, basi. Siku hizi huanza Oktoba na kuendelea hadi Mwaka Mpya, kwa sherehe za dini na za harusi. Sheria huzikataza baada ya saa tano usiku isipokuwa siku chache maalumu, lakini farasi aliyeruka uzio saa mbili usiku hajavunjikia mguu kwenye sheria. Wapo wafugaji wanaolala mabandani usiku huo, redio ikiwa imefunguliwa kwa sauti ili kuzima milio.

Farasi wasio na mwenyewe

Mambo yanapokuwa magumu, kuna wanaoshindwa. Poni asiye na mafunzo huweza kununuliwa kwa bei ndogo, lakini gharama ya kumtunza ni ileile ya farasi wa thamani. Kwenye viwanja vya wazi vya Birmingham na miji jirani huonekana farasi waliofungwa kamba kwenye kigingi, baadhi wakitunzwa vizuri na familia zenye mila hiyo kwa vizazi, wengine wakiwa wametelekezwa.

Sheria ya kudhibiti farasi ya mwaka 2015 inamruhusu mwenye ardhi kumzuilia farasi aliyeachwa kwake bila idhini. Hutakiwa kuwaarifu polisi katika saa 24, na baada ya saa 96, bila kuhesabu siku za mapumziko, anaweza kumuuza, kumgawa au hata kumwua kwa njia ya kibinadamu. Kwa anayemtesa mnyama, adhabu ya juu iliongezwa mwaka 2021 kutoka kifungo cha miezi sita hadi miaka mitano.

Nani hupanda

Swali ambalo Birmingham haiwezi kulikwepa ni hili: katika jiji ambalo zaidi ya nusu ya wakazi wanatoka katika jamii za wachache, mbona mabanda mengi bado yamejaa nyuso za aina moja? Gharama ni sababu, lakini si pekee. Mabanda yako mbali na mitaa wanakoishi wahamiaji, basi halifiki, na mtoto ambaye hajamwona mtu wa kwao juu ya farasi hafikirii kuomba.

Mfano unaotajwa mara kwa mara unatoka London. Khadijah Mellah, msichana Mwislamu aliyejifunza kupanda katika klabu ya Ebony huko Brixton, alishinda mbio za Magnolia Cup mjini Goodwood tarehe mosi Agosti mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 18 na amevaa hijabu chini ya kofia yake.

Kwa Wasomali wa Birmingham, farasi wala si jambo la kigeni. Sayyid Mohammed Abdullah Hassan, aliyepigana na Waingereza hadi kifo chake mwaka 1920, alimtungia shairi maarufu farasi wake Hiin Finiin. Wajukuu wa waliokariri shairi hilo wanaishi leo umbali wa nusu saa kutoka mabanda ambayo hawajawahi kuyakanyaga.

Na yupo ndugu wa farasi anayewaunganisha watu wa pwani na jiji hili bila wao kujua. Shirika la Donkey Sanctuary, ambalo tangu miaka ya 1980 limekuwa na zahanati ya punda kisiwani Lamu, lilifungua pia kituo ndani ya Sutton Park, ambako watoto wenye ulemavu walipelekwa kupanda punda bila malipo.

Mwisho wa farasi

Farasi huishi miaka 25 hadi 30. Anayemnunulia binti yake poni wa miaka mitano anajifunga kwa kazi itakayoendelea binti akiwa ameshaolewa.

Mwisho ukifika, wachache hufa usingizini. Mara nyingi mwenye farasi ndiye anayetakiwa kuamua siku, na daktari wa mifugo au mtu mwenye leseni huja kumaliza kwa sindano au kwa risasi. Farasi aliyefugwa kama kipenzi anaweza kuzikwa England iwapo halmashauri imekubali, lakini mpangaji hana pa kumzika, hivyo huita gari la kumchukua, akalipia kuchomwa kwake. British Horse Society ina watu wa kujitolea waliofunzwa kusimama pamoja na mwenye farasi siku hiyo, kumshikia hatamu kama mikono yake inatetemeka.

Kesho yake banda huoshwa, na mara nyingi tayari kuna mtu mwingine anayesubiri nafasi.